Wanaozisemesha Pembe

Wapo watu ambao kazi yao huanzia kwenye kinyesi cha tembo. Huinama porini jua likiwaka, wakachukua ute wa juu, ule ulioteleza kwenye utumbo wa mnyama, wakautia kichupani na kuandika mahali ulipookotwa. Hakuna anayewapigia makofi. Ila ni kwa vichupa hivyo ramani ya vinasaba vya tembo wa Afrika ilivyochorwa.

Kisha kontena lenye pembe za tembo linakamatwa bandarini. Pembe hutandazwa sakafuni, zikapimwa moja moja, zikalinganishwa rangi, unene na alama ya ufizi, ili pembe mbili za tembo mmoja zitambulike. Kipande kidogo hukatwa, hugandishwa kwa naitrojeni ya kimiminika, ndipo kinaposagwa. Bila kugandishwa, joto la kusaga lingeharibu vinasaba, vile vinavyolinganishwa na ramani ya kinyesi ili kujua tembo alitoka wapi.

Pembe haina ulimi, lakini mikononi mwao husema. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa pembe nyingi za tembo wa savana katika shehena kubwa zilizokamatwa zilitoka kusini mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Uliofuata 2018 ulikuta pembe pacha zimetenganishwa katika shehena mbili zilizopitia bandari moja: ishara kwamba mwenye mzigo ni yule yule.

Kati ya 2009 na 2014, ujangili huo ukiendelea, Tanzania ilipoteza takriban asilimia 60 ya tembo wake. Anayesimamisha gari leo katika Hifadhi ya Ruaha, nchini humo, kupisha kundi livuke, ana deni kwa aliyeinamia kinyesi.