"Photopia" ya Adam Cadre: Mkono Usiozuia

Watoto wa pwani hutegana vitendawili kwa sharti maarufu: aliyeshindwa hutoa mji, mtegaji akaustarehea mji wake, kisha akalifumbua fumbo. Michezo ya kompyuta ya maandishi matupu, ambayo mchezaji husoma maelezo ya mahali kisha huandika amri ya kwenda kaskazini au kufungua mlango, ilianza katika roho hiyo ya kutegana, ila bila ya huruma ya mji. "Zork", iliyoanza kutungwa mwaka 1977 katika chuo cha MIT, Marekani, humwacha asiyejua jawabu gizani hata achoke.

"Photopia" imeacha kutega. Ilishika nafasi ya kwanza mwaka 1998 katika mashindano ya kila mwaka ya bunilizi hizi, yaliyoanza mwaka 1995. Mwamuzi huko si lazima awe bingwa. Hutoa alama 1 hadi 10, na hukumu yake huegemea saa mbili za mwanzo tu za kucheza. Naam, sharti hilo limekuza utungo mfupi, na "Photopia" humalizika kabla ya muda huo kwisha.

Wapo walioilaumu kuwa si mchezo, kwa kuwa mchezaji habadilishi kitu. Wasemayo ni kweli. Ila wameliona jambo wakaliita kasoro, na jambo hilo ndilo moyo wa utungo. (Nitaufichua mwisho; bila ya kuufichua hakuna la kuhukumu.) Alley, msichana aliyekuwa akimlea mtoto wa jirani na kumsimulia ngano, arudishwa kwao usiku kwa gari. Dereva ni baba wa mtoto yule, na baba huyo ndiye wewe. Tumekwisha kumwona mlevi akiingia barabarani tangu ukurasa wa kwanza. Lolote uliandikalo, ajali haizuiliki. Msomaji wa riwaya angehuzunika tu. Hapa mikono yako ndiyo iliyoshika usukani, nayo haikufaa kitu.

Kinyume chake kimo katika ngano za Alley mwenyewe. Mwanaanga apotea katika mzingo wa fuwele, na kutafuta njia hakumtoi. Nilizunguka kwa ukaidi, nikichora ramani, mpaka nilipolivua vazi la anga nikajikuta nina mabawa. Mtunzi atupa uhuru ndani ya ngano aisimuliayo msichana, kisha atunyima pale anapokufa msimulizi. Sijaona riwaya iwezayo kuligawa tendo hivyo baina ya msomaji na mtunzi.

Hata hivyo, Alley ni mwema kupita kiasi. Hana hasira, hana uvivu, hasemi neno la kipuuzi. Ameumbwa ili aliliwe, na machozi yaliyoandaliwa mapema hivyo hunitia shaka. Kwa mizani ya mashindano yale, ningeipa 8. Alama mbili nimezizuia kwa ajili yake yeye.