Ukibadilisha kazi, usiifiche ile ya kwanza

MWEZI uliopita nilikuwa Malaba, upande wetu wa Kenya, nikingoja matatu ijae abiria ili nirejee Bungoma. Foleni ya malori ilikuwa ndefu, na baadhi ya madereva walikuwa wamejazana katika kibanda cha video wakipitisha wakati. Humo ndani, VJ alikuwa akisimulia filamu ya Kimarekani kwa Kiganda, na kicheko cha watazamaji kilifika hadi barabarani. Mlangoni alikaa kijana anayeuza filamu za kutiliwa kwenye flashi. Nikamuuliza kama anayo Star Wars ya kwanza kabisa, ile ya mwaka 1977.

“Iko, mzee wangu. Nikuwekee ya VJ ama ile haina VJ?”

“Ile haina.”

“Sawa tu. Lakini ya VJ ndiyo tamu. Hii nayo ni orijino, picha safi kabisa.”

Nilipofika nyumbani niliitazama. Kijana hakunidanganya. VJ hakuwemo na picha ilikuwa safi. Hata hivyo, haikuwa filamu ya mwaka 1977.

Nilikuwa na sababu ya kuitafuta filamu hiyo. Miaka kadhaa iliyopita, mwanafunzi wangu mmoja aliandika insha ya uhakiki kuhusu usawiri wa wahusika katika bunilizi za kisayansi. Alidai kwamba Han Solo, rubani wa magendo katika Star Wars, anamuua Greedo kwa kujitetea, baada ya Greedo kumfyatulia risasi kwanza. Mimi nilikuwa nimeitazama filamu hiyo ujanani kwa kanda ya VHS, na nilikumbuka vyema kwamba Greedo hakufyatua chochote. Han alimpiga kupitia chini ya meza, akamlipa mwenye baa, akaenda zake. Nikamkata mwanafunzi alama na kuandika pembeni kwa wino mwekundu: “Tazama kazi kabla ya kuihakiki.” Alikuja ofisini akasema kwa adabu, “Profesa, mimi nimeona Greedo akianza.” Nikamwambia aende akatazame tena.

Sasa najua kwamba alikuwa ameona alichokiona. Kosa lilikuwa langu.

Hebu tuieleze kadhia yenyewe. Star Wars ilitolewa Mei 1977. Iliporejeshwa katika majumba ya sinema mwaka 1981, maandishi ya mwanzo yaliongezewa maneno yanayoifanya sehemu ya nne, yenye kijina A New Hope. Mwaka 1995 filamu hiyo na mbili zilizoifuata ziliuzwa tena kwa kanda za VHS, na wanunuzi wakaambiwa kuwa hiyo ndiyo fursa ya mwisho ya kupata zile za awali. Mwaka 1997 George Lucas, mwandishi na mwelekezi wake, alitoa toleo maalumu. Humo aliingiza onyesho la Jabba lililokuwa limeachwa, akaongeza viumbe na majengo kwa kompyuta, na akamfanya Greedo afyatue kwanza na kukosa shabaha. Katika DVD za mwaka 2004, wawili hao wanafyatua karibu kwa pamoja. Filamu ilipoanza kuonyeshwa kwenye huduma ya Disney+ mwaka 2019, Greedo alikuwa ameongezewa neno moja kabla ya kufa, “Maclunkey”, neno ambalo mtazamaji wa mwaka 1977 hakulisikia.

Je, toleo la kwanza lilikwenda wapi? Mwaka 2006 lilitiwa kwenye DVD kama nyongeza tu ya toleo lililobadilishwa, tena kwa picha hafifu iliyotokana na matayarisho ya diski za leza ya mwaka 1993. Diski za Blu-ray zilipotoka mwaka 2011, halikuwemo kabisa. Ajabu ni kwamba Lucas huyu huyu alisimama mbele ya Bunge la Marekani mwaka 1988 kupinga vikali wenye mali wanaozibadilisha filamu za zamani, mathalan kwa kuzitia rangi zile zilizopigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe. Alieleza kuwa kazi hizo ni urithi wa umma.

Wapo watakaosema kwamba kazi ni yake, aifanye apendavyo. Sina ugomvi na haki ya mtunzi kujisahihisha. Sisi wenyewe tuna mfano wa kujivunia. Mwalimu Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare mwaka 1963 kwa jina Julius Caezar. Hakuridhika nayo. Akaipitia upya, na mwaka 1969 ikatoka kwa jina Juliasi Kaizari. Hata tahajia ya jina inaonyesha kuwa mfasiri alikuwa amesogea kuelekea matamshi ya Mswahili. Lakini Nyerere hakuwafuata wasomaji kuwanyang’anya kitabu cha mwaka 1963. Mwanafunzi wa tafsiri anaweza kuviweka vitabu viwili mezani na kuona jinsi fikra ya mfasiri ilivyokua katika miaka sita. Lau toleo la kwanza lingefichwa, tungebaki na matokeo bila kuijua safari.

Hapo ndipo ninapomrudia VJ wa Malaba. Wasomi wenzangu aghalabu humtazama kwa dharau, wakidai anaharibu kazi za watu. Naam, anazibadilisha. Upande wa Uganda filamu zake huitwa enjogerere, yaani zilizosemewa. Huku kwetu DJ Afro naye amejijengea jina kwa kuzisimulia kwa Kiswahili kilichochanganyika na lugha ya mtaani, na Tanzania wanamkumbuka Lufufu. Wasimulizi hawa huwapa wahusika majina ya kwetu, huongeza mzaha, hutabiri, hukosoa, hata humkemea jambazi kabla hajatenda. Anayeijua kazi ya fanani katika fasihi simulizi yetu hawezi kushangaa. Kisa ni cha jamii lakini usimulizi ni wa fanani, na kila utendaji una sura yake.

Hata hivyo, VJ ana uadilifu mmoja ambao toleo la mwaka 1997 halina. Mabadiliko yake yanasikika. Chini ya sauti yake unasikia sauti za waigizaji, na hakuna dereva atakayetoka kibandani akiamini kwamba Han Solo alizungumza Kiganda. Muuzaji naye anakuuliza unataka ipi. Kinyume chake, marekebisho ya kompyuta yameshonwa bila mshono kuonekana, nayo yanauzwa kwa jina lile lile la filamu ya zamani. Mwanafunzi wangu hakuwa na njia ya kujua kwamba alikuwa akitazama mkono wa mwaka 1997 ndani ya filamu ya mwaka 1977.

Sitaki nimpambe VJ kupita kiasi. Filamu ya Uganda, Who Killed Captain Alex?, iliyotengenezwa na Isaac Nabwana kule Wakaliga, Kampala, mwaka 2010, imepata watazamaji duniani kote ikiwa na sauti ya VJ Emmie juu yake. Tunayo hiyo yenye VJ. Ile isiyo na VJ ilipotea, kwa kuwa mtengenezaji alihitaji nafasi kwenye kompyuta yake ili afanye filamu nyingine. Nampenda VJ Emmie, lakini kuna mazungumzo ya waigizaji yaliyofunikwa na sauti yake ambayo hatutayasikia tena. Tofauti ni kwamba Nabwana alipoteza kwa ufukara, ilhali Lucas aliweka kabatini kwa hiari.

Tatizo hili ni la lugha pia. Katika maduka ya Busia, “orijino” ni kinyume cha “feki”. Kitu kikiwa halali na safi, basi ni orijino. Kwa maana hiyo DVD ya mwaka 2004 ni orijino bila shaka, kwa sababu imetoka kwa mwenyewe. Lakini si asilia. Neno asili tulilipata kutoka Kiarabu, na huko maana yake ni shina au mzizi. Nakala nalo linatokana na kitenzi cha kuhamisha kitu kutoka mahali hadi mahali. Kilichohamishwa hakipaswi kubadilika njiani. Kikibadilika, tunalo neno lingine, nalo ni toleo. Vitabu kumi vya chapa moja ni nakala kumi za toleo moja. Star Wars ya mwaka 1977 na ile ya mwaka 1997 ni matoleo mawili, na anayekuuzia la pili kwa jina la kwanza amekuuzia kitu kingine.

Kwa hivyo nawasihi wanafunzi na walimu wa fasihi wataje toleo na mwaka wake kila wanapohakiki filamu, riwaya au utenzi. Wachapishaji nao, wanapogusa maneno ya kitabu kinachosomwa shuleni, waandike katika kurasa za mwanzo ni nini kilichobadilishwa. Wahariri wa tenzi zetu za kale, zenye hati nyingi zinazotofautiana, wamezoea kuonyesha tofauti hizo chini ya ukurasa. Nidhamu hiyo inafaa kuvuka hadi kwenye filamu. Na wenye vibanda vya Busia na Malaba wasifute usimulizi wa zamani kila flashi inapojaa, kwani huo nao ni toleo, na una asili yake.

Yule mwanafunzi sasa ni mwalimu wa sekondari. Nilimtafuta kwa simu nikamweleza niliyoyagundua. Alinyamaza kidogo, kisha akacheka. “Profesa,” akasema, “kwa hivyo zile alama zangu sita nitazipata lini?”