Heko kwa Wapimaji wa Miradi ya Urithi

Ukuta wa kale ukisimamishwa upya, pongezi huwaendea mafundi, na ni haki yao. Leo nawapa heko watu wanaotangulia kabla ya chokaa kuchanganywa: maofisa wanaopima iwapo mradi wa urithi unafaa kupewa ruzuku.

Uingereza ina mfuko wa kazi hiyo, National Lottery Heritage Fund, ulioanza 1994 na unaotumia fedha za bahati nasibu ya taifa. Anayeomba kati ya pauni 10,000 na 250,000 anaweza kwanza kupeleka maelezo mafupi ya wazo lake akapewa ushauri. Anayeomba zaidi ya hapo, hadi milioni 10, lazima atangulize tamko la nia, kisha ombi lake hupita awamu mbili: kuandaa mradi na kuutekeleza.

Utaratibu huu una utu. Kikundi cha kijiji chenye kanisa kuukuu au mkusanyiko wa picha za zamani hakipotezi miezi kikijaza fomu ndefu kwa mradi usiofaa. Mapema kabisa kinaulizwa: urithi huu una thamani gani, na kwa nani? Waliozoea kuachwa nje watashirikishwaje? Mazingira yatalindwaje? Fedha zikiisha, nani atautunza?

Swali hilo la mwisho ndilo linalookoa majengo, kwa kuwa paa jipya lisilo na mtunzaji litavuja tena. Ofisa anayesema "bado, rekebisheni hapa" hulinda mali ya umma na humheshimu mwombaji. Hongereni sana, nanyi pia ni wahifadhi.