Pakacha Darasani

Miongoni mwa vyombo vyote vilivyopata kubuniwa katika mwambao wa Afrika Mashariki kwa ajili ya kubebea mazao, hakuna kinachostahili kuingia darasani mapema kuliko pakacha, ambalo husukwa kwa kuti bichi la mnazi palepale shambani, kwa muda wa dakika chache, bila uzi, bila gundi na bila msumari. Wanaofundisha usanifu wa bidhaa, yaani taaluma ya kuamua kitu kiwe na umbo gani, kifanywe kwa mali ghafi ipi na kitumikeje, pamoja na tawi lake la ufungashaji, linaloshughulikia namna ya kuihifadhi bidhaa na kuisafirisha hadi imfikie mtumiaji, kwa kawaida huanza na michoro ya maboksi na chupa. Nao wangefanya vyema zaidi kama wangeanza na kuti.

Msukaji huchagua kuti ambalo halijakauka, akaupasua kwa panga upongoo wake, yaani ule uti mgumu wa katikati, hata kila nusu ikabaki na majani ya upande mmoja tu. Upongoo hupindwa ukawa ukingo wa chombo, na majani, bila kuondolewa pale yalipoota, husukwa kwa kupishana, moja juu na moja chini, hadi yakutane kitakoni na kufungwa kwa ncha zake yenyewe. Kwa hiyo ukingo na ukuta wa pakacha vimeshikana tangu mtini, na maungio, ambayo kwa mbunifu yeyote wa vifungashio ndiyo mahali chombo kinapoanzia kuharibika, yamekwisha kufanywa na mnazi wenyewe. Mwanafunzi anayesuka pakacha lake la kwanza, likamlegea na kumwachia tundu upande mmoja, hutambua kwa vidole jambo ambalo ubao na chaki huchukua muda mrefu kulieleza: kwamba umbo halibandikwi juu ya mali ghafi kama rangi juu ya ukuta, bali hutafutwa ndani yake, kwa kufuata upande ambao jani lenyewe limekubali kupindika.

Lililo kubwa zaidi ni hesabu ya wakati. Ukindu na miyaa ya kusukia mikeka na vikapu huanikwa kwanza ikakauka, kisha ikalowanishwa kidogo ili isikatike mkononi, kwa kuwa jani bichi husinyaa linapokauka na kuulegeza msuko wote. Nao ukili, yaani ule utepe mrefu uliosukwa, hushonwa ukili kwa ukili hadi ukawa mkeka wa kulaliwa kwa miaka. Msukaji wa pakacha anaijua kanuni hiyo vizuri, na bado husuka jani likiwa bichi, kwa sababu kazi ya pakacha, ya kuyafikisha maembe au madafu sokoni, itakuwa imekwisha kabla msuko haujalegea. Hapa ndipo neno uendelevu, linalotafsiriwa katika vitabu vingi kuwa ni kutumia mali ya leo bila kuwanyima watakaozaliwa kesho, linapopata mwili: uhai wa chombo umelinganishwa na uhai wa kazi yake. Mfuko wa plastiki unaobeba nyanya kutoka gengeni hadi jikoni hutumika kwa dakika chache na kubaki ardhini kwa miaka mingi, na kosa hilo la kulinganisha, kabla halijawa la mtumiaji au la mzoa taka, lilikuwa la mbunifu.

Waswahili husema kuvuja kwa pakacha ni nafuu kwa mchukuzi, na methali hiyo, ambayo kwa kawaida hutumiwa kuonyesha kwamba hasara ya mmoja ni faraja ya mwingine, ina somo la kiufundi ambalo halijachimbwa vya kutosha. Pakacha huvuja kwa sababu limekusudiwa kupitisha. Embe lililochumwa bado li hai. Huvuta hewa, hutoa joto na unyevu, na hutoa pia gesi ya ethilini inayoyaivisha matunda yaliyo jirani nalo, ndiyo maana embe likifungiwa ndani ya plastiki hutoka jasho na kuoza. Mwanafunzi aliyezoea kuamini kwamba kifungashio bora ni kile kisichopitisha kitu hana budi kujifunza upya kuuliza: kizuie nini, na kiruhusu nini? Swali hilo ni la sayansi, lakini kuliona kunataka jicho la msanii, ambaye amefunzwa kuuheshimu uwazi ulio kati ya jani na jani kama anavyoliheshimu jani lenyewe.

Kuchora kuna nafasi yake katika mafunzo haya, mradi kusigeuzwe kuwa kazi ya kupamba tu. Nazi kavu iliyopasuliwa kwa urefu, pamoja na kumbi lake, ikawekwa mezani na kuchorwa kwa utulivu, tabaka baada ya tabaka, inatosha kuwa somo la wiki nzima: ngozi laini ya nje isiyopenyeka kwa urahisi, kisha kumbi lenye nyuzi na hewa linalopunguza kishindo cha kuanguka na kuiwezesha nazi kuelea baharini, kisha kifuu kigumu, na ndani yake chakula na maji ya safari. Tena kifuu kina macho matatu, na moja kati ya hayo ni laini, ndilo chipukizi linalotokea. Kifungashio kigumu kiasi hicho kimeachiwa mlango, na mlango huo hufunguka kwa ndani, kwa wakati wake. Anayeichora nazi kwa makini hataridhika tena na chupa inayomlazimu mzee mwenye vidole dhaifu kutumia meno. Wala habari haiishii kwenye mlo, kwani kifuu huwa upawa na makumbi hufukiwa katika matope ya pwani kwa miezi kadhaa hadi yakalainika, yakapondwa na kusokotwa kuwa kamba. Hata vifuniko vya chakula hicho vina kazi ya pili iliyokwisha kufikiriwa.

Walioufanya ufundi wa mikono kuwa mlango wa usanifu wamekuwapo kwingine pia. Katika shule ya Bauhaus, iliyoanzishwa Ujerumani mwaka 1919 na kuhamia mji wa Dessau mwaka 1925, Josef Albers alikuwa akiwagawia wanafunzi wa mwaka wa kwanza magazeti makuukuu na kuwataka wayafanye kuwa kitu zaidi ya yalivyo, kwa kuiheshimu karatasi na, ikiwezekana, bila mkasi wala gundi. Mmoja wa wanafunzi hao alisimulia baadaye kwamba mwalimu alizipita jahazi na ngome za karatasi, akaisifu kazi ya mwenzao aliyelikunja gazeti kwa urefu tu hata likasimama kwa ukingo wake, maana karatasi inayolala legelege mezani ilikuwa imepewa uti wa mgongo kwa mkunjo mmoja. Mwuza karanga wa Dar es Salaam au Unguja anayeviringa ukurasa wa daftari kwa umbo la pia, akaikunja ncha yake ili karanga zisimwagike, anaujua ukweli huohuo, na mwalimu mwenye hekima atamwalika afundishe kipindi kimoja, huku akiwakumbusha wanafunzi kwamba karatasi yenye wino haifai kugusana na chakula na kwamba kutafuta jani au karatasi safi ya kuchukua nafasi hiyo ni zoezi la usanifu lenye uzito wake.

Haja ya mafunzo ya namna hii imedhihirishwa na sheria zenyewe. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Rwanda ikafuata mwaka 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017 na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, na hatua hizo zinastahili heshima kubwa, kwani mitaro na fukwe zilipata kupumua. Hata hivyo katika masoko ya Tanzania pengo lilijazwa upesi na mifuko mbadala, yenye sura ya kitambaa, ambayo mingi hutengenezwa kwa polipropilini, yaani plastiki nyingine iliyofanywa nyuzi na kugandamizwa. Sheria iliweza kukataza kitu. Haikuweza kukisuka kile cha kukaa mahali pake, kwa kuwa kazi hiyo huhitaji watu waliofunzwa tangu utotoni kuishika mali ghafi, kuinusa, kuivuta hadi ikatike na kuuliza itakwenda wapi.

Itasemwa kwamba jiji la watu mamilioni haliwezi kulishwa kwa mapakacha, na kwamba maziwa hayabebwi kwa makuti. Ni kweli, na hakuna anayedai hivyo. Kinachofundishwa na pakacha ni utaratibu wa kufikiri, nao unahamishika. Mafundi wa Lamu waliounda jahazi la FlipFlopi kwa plastiki iliyokusanywa na kuyeyushwa upya, wakalivika ndala chakavu zipatazo 30,000 na kulishusha majini mwaka 2018, hawakuwa wakirudi kwenye ya kale, bali walikuwa wakiupeleka ufundi wa kale kwenye mali ghafi ambayo haujawahi kukutana nayo. Huko Uganda nako, ambako Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa katika miaka ya 1930 na kuacha jina lake kwa shule ya sanaa ya Makerere, mti wa mutuba hubanduliwa gome la kutengenezea nguo, kisha shina lililobaki uchi likafungwa kwa majani ya migomba mpaka lijirudishie gome jingine. Mwanafunzi anayelitazama tendo hilo huona upande wa pili wa hesabu, ule wa asili ya kitu, ambao husahaulika pale mazungumzo yote yanapokuwa juu ya taka: mti umepewa kifungashio ili uendelee kutoa.

Linabaki suala la kutahini, ambalo walimu wengi huliharakisha. Kazi za wanafunzi hupangwa ukumbini siku ya maonyesho, zikiwa mpya na zinang'aa, zikapewa alama siku hiyohiyo, kana kwamba kifungashio kina siku moja tu ya kuzaliwa na hakina siku ya kufa. Ingekuwa haki zaidi alama zigawanywe mara mbili, nusu siku ya maonyesho, na nusu nyingine baada ya kazi hizo kufukiwa katika bustani ya shule kwa muhula mzima wa mvua, kila moja na kibao chake, kisha darasa lote likarudi na majembe. Penye pakacha patakuwa na udongo mweusi na labda kipande cha upongoo kilichoanza kumung'unyika. Penye boksi lililopambwa vizuri kuliko yote, karatasi itakuwa imekwenda zake, na utepe wa gundi wa plastiki uliolishikilia utainuka na jembe, mzima, bado unang'aa.