Kitabu na Mwenyewe

Mwezi wa Julai 1931 gazeti moja la fasihi mjini Berlin lilichapisha insha ya Walter Benjamin, mhakiki wa Kijerumani, kuhusu kufungua masanduku ya vitabu vyake. Vitabu hivyo vilikuwa vimekaa gizani kwa muda wa miaka miwili. Benjamin hamwongozi msomaji mbele ya rafu zilizopangwa na kufutwa vumbi. Anamkaribisha sakafuni, penye karatasi zilizochanika na mbao zilizong'olewa, kabla kitabu hata kimoja hakijapata mahali pake. Amefanya vyema kuanzia hapo. Mtu anaposimama mbele ya rafu husoma majina yaliyo migongoni mwa vitabu. Anapoinama juu ya sanduku humjia mji alikokinunua kitabu, bei aliyoitoa, na chumba alimolala usiku ule.

Hiyo ndiyo raha anayoizungumzia, nayo si raha ya kusoma. Benjamin hafichi kwamba vitabu vingi vya mkusanyaji havijasomwa, na humcheka kwa upole yule mgeni anayeingia nyumbani akauliza kama vyote vimekwisha kusomwa. Humkumbusha msomaji mwalimu fukara aliyebuniwa na mwandishi Jean Paul: mwalimu huyo, kwa kukosa fedha, aliandika mwenyewe kila kitabu ambacho jina lake lilimvutia katika orodha za wauza vitabu, hata akajipatia maktaba kubwa. Kisha anataja njia ya kuazima bila ya kurudisha. Hapo msomaji wa Unguja au Mombasa atatabasamu, kwani hakuna nyumba yenye vitabu katika miji hii isiyokuwa na kimoja chenye jina la mtu mwingine ukurasa wa kwanza.

Sehemu iliyoandikwa kwa ustadi zaidi ni ile ya mnada. Benjamin alikuwa akikitamani kitabu cha Johann Wilhelm Ritter, mwanafizikia, kilichotolewa Heidelberg mwaka 1810 kwa juzuu mbili. Kila alipopandisha bei mnadani siku ile, mtu mmoja alimpiku. Akafahamu kwamba shauku yake mwenyewe ndiyo iliyokuwa ikimpandishia bei. Zamu ya Ritter ilipofika alinyamaza kimya. Hakuna aliyetaja bei, kitabu kikarudishwa, naye akasubiri siku kadhaa, akaenda kukichukua dukani katika sehemu ya vitabu vilivyotumika. Kila aliyewahi kupita penye meza ya vitabu vya zamani akiwa amekwisha kukiona anachokitaka, akaanza kwa kuuliza bei ya kitabu cha pembeni, anazijua hila hizo bila ya kufundishwa.

Lakini kuelekea mwisho insha inatoa hoja ambayo haifai kupita bila ya kupimwa. Benjamin anakubali kwamba maktaba za umma zina manufaa zaidi kwa jamii na kwa wataalamu. Hata hivyo anashikilia kwamba kitu hupata haki yake kwa mkusanyaji binafsi tu, na kwamba mkusanyiko ukishampoteza mwenyewe hupoteza na maana yake. Kwake yeye, kumiliki ndio uhusiano wa ndani kabisa uwezao kuwapo baina ya mtu na kitu.

Hoja hii inaposogezwa kwenye vitabu vya Kiswahili hutikisika. Chukua *Diwani ya Muyaka*, iliyochapishwa Johannesburg mwaka 1940. Muyaka bin Haji alikuwa mshairi wa Mombasa, aliyefariki karibu miaka mia moja kabla. Mashairi yake yaliishi vinywani mwa watu mpaka Mwalimu Sikujua alipoyakusanya na William Taylor, mmisionari wa Kiingereza, akayapokea na kuyanakili. Karatasi zikafika kwa William Hichens, naye akazihariri. Mwenye kuishika nakala ya chapa ile ameshika kazi ya mikono minne au mitano, na mji wa chapa ulioandikwa humo unamweleza jambo zito: mshairi wa Mombasa alipitia Afrika Kusini ndipo akarudi kwa watu wake akiwa kitabu. Mwaka 1979 M. H. Abdulaziz alitoa Nairobi kitabu kingine kuhusu Muyaka, chenye uchambuzi na historia. Msomaji wa kawaida atatosheka na hicho cha pili. Mpenzi wa vitabu huvitaka vyote viwili, naye ana haki, kwani kwa kuviweka bega kwa bega ndipo inapoonekana kazi ya mhariri imeanzia wapi na kuishia wapi. Hapa mapenzi ya chapa na uhakiki ni kazi moja. Lakini nani mwenye kitabu hicho? Ni vigumu kusema kwamba uhai wake umo kwa mtu mmoja aliyekinunua.

Pwani hii, tena, imekuwa na desturi ambayo Benjamin hakuiwazia. Miongoni mwa vitabu vilivyohifadhiwa katika Msikiti wa Riyadha, Lamu, vimo vilivyoandikwa kwa mkono ndani yake kwamba ni wakfu. Kitabu cha wakfu hakiuzwi, hakitolewi zawadi, wala hakirithiwi, kinasomwa. Jina la aliyekitoa hubaki juu ya karatasi, ila yeye mwenyewe amekwisha kujivua umiliki. Benjamin angesema kwamba hapo mapenzi yamekwisha. Lakini mtu aliyekitafuta kitabu, akakilipia, akakivusha bahari, kisha akakaa na kalamu kuandika kwamba si chake tena, amekipenda kwa namna ambayo insha ya 1931 haina neno lake.

Unguja yenyewe iliwahi kuwa mji wa kutoa vitabu, si wa kuvipokea tu. Karibu mwaka 1880 Sultan Barghash alianzisha mtambo wa chapa, na miongoni mwa vilivyotoka humo ni vitabu vikubwa vya wanavyuoni wa Kiibadhi. Kimojawapo ni tafsiri ya Qur'ani ya Muhammad bin Yusuf Atfayyish, mwanachuoni wa bonde la Mzab katika jangwa la Algeria, aliyeipa jina lenye maana ya mkoba wa masurufu ya safari ya Akhera. Kitabu cha mtu wa jangwani kikapigwa chapa kisiwani, upande wa pili wa bara. Anayekutana leo na juzuu yake moja, hata bila ya jalada, ana sababu ya kuketi nayo kabla ya kuuliza bei.

Vigumu zaidi kuvipata, pengine, si hivyo vya kale. Muhammed Said Abdulla alishinda kwa *Mzimu wa Watu wa Kale* katika mashindano ya uandishi ya 1957-58, na kitabu kikatoka mwaka 1960. *Kisima cha Giningi* kikafuata mwaka 1968, kisha vingine vya Bwana Msa hadi *Kosa la Bwana Msa* mwaka 1984. Kutafuta chapa zake za mwanzo zikiwa nzima ni kazi ya miaka. Vilikuwa vitabu vyembamba vya bei nafuu, vikasomwa skuli, vikaazimwa mtaa mzima, vikalowa, vikachanika. Hakuna aliyeviona kuwa vya kuhifadhi, kwani kila mtu alikuwa akivisoma. Katika hili Benjamin angekuwa mwenza mwema, maana yeye mwenyewe alikusanya vitabu vya watoto, ambavyo huangamia kwa sababu hiyo hiyo.

Khatima ya maktaba yake inajulikana. Alikimbia Ujerumani mwaka 1933. Karibu nusu ya vitabu vyake vilipelekwa Denmark, nyumbani kwa rafiki yake Bertolt Brecht. Vilivyobaki Paris, alikokuwa akiishi uhamishoni, vilichukuliwa na polisi wa Hitler baada ya yeye kuuhama mji huo mwaka 1940. Mwezi wa Septemba mwaka huo, mwaka ule ule ilipotoka *Diwani ya Muyaka*, alifariki Portbou, mpakani mwa Uhispania na Ufaransa, bila ya kitabu chochote cha kukipanga rafuni. Kabla ya kuondoka Paris alikuwa amemkabidhi Georges Bataille karatasi za kazi kubwa aliyoishughulikia kwa miaka mingi. Bataille alikuwa mtumishi wa Maktaba ya Taifa ya Ufaransa. Alizificha humo, katika maktaba ya umma, zikanusurika vita, na mwaka 1982 zikachapishwa.