Kila Lugha na Kazi Yake

Bonga ni kata ya mji wa Babati, upande wa kusini, kwenye barabara ya Kondoa. Lami ya kilomita 88.8 kutoka Mela inafikia hapa, na tangu 2018 mtu anatoka Dodoma hadi Babati, kilomita 251, kwa lami tupu. Lugha zilifika zamani sana kabla ya lami. Kigorowa na Kiiraqw ni lugha za Kikushi, Kirangi ni cha Kibantu, Wabarabaig wanazungumza lugha ya Kiniloti. Ukishuka Kondoa na kuendelea hadi Chemba utawakuta Wasandawe na lugha yao. Mtoto anayeingia kidato cha kwanza hapa amewaamkia bibi na babu kwa lugha moja na kusoma shule ya msingi kwa nyingine. Mtaala unaojinadi kwamba utamfundisha lugha mbili unamkuta anazo tayari.

Ndiyo maana ninaisifu kazi ya kusanifu mtaala wa sekondari wa lugha mbili, wa kumtosha mtoto wa hapa na kumfikisha chuo chochote duniani. Ni kazi ya ufundi, na mafundi wake hawatajwi.

Wengi wanadhani ni kusema somo kwa Kiingereza, kisha kulirudia kwa Kiswahili. Kipindi ni dakika 40. Ukirudia kila kitu, umebaki na nusu ya somo, na mwanafunzi amejifunza kutosikiliza Kiingereza, maana anajua Kiswahili kinakuja. Msanifu mzuri harudii. Anagawa kazi.

Chukua Jiografia na Ziwa Babati. Ziwa hili halina mto wa kudumu wa kutolea maji, na mwaka 1990 lilifurika hadi mjini. Andalio la kwanza linampeleka mwanafunzi kwa wazee wa nyumbani, awaulize maji yalifika wapi na nini kiliharibika, kwa lugha wanayoisema wao. Kesho yake, darasani, makundi ya wanne wanne yanabishana kwa Kiswahili. Je, ni mvua peke yake? Mashamba ya mahindi na mbaazi kwenye miteremko yana mchango gani? Udongo unaoteremka na maji unaishia wapi? Hapa Kiswahili kimepewa kazi nzito kuliko zote, ya kufikiri.

Kiingereza kinaingia baada ya hapo, na ukurasa wake ndio unaonifurahisha zaidi. Una mchoro wa ziwa uliokatwa ubavuni, wenye majina. Una orodha fupi ya istilahi. Chini yake kuna vianzio vya sentensi: kimoja cha kutaja sababu, kimoja cha kutaja matokeo, kimoja cha kupinga hoja ya mwenzako kwa heshima. Anayeandika ukurasa huo amegundua jambo ambalo vitabu vingi vinalipita: kinachomkwamisha mtoto mara nyingi ni namna ya kuunganisha mawazo mawili kuliko istilahi yenyewe. Istilahi zitakaririwa. Kiunganishi kisipofundishwa, aya haiandikiki, hata kama kichwani jibu limekamilika.

Zana zipo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Katika miaka ya 2010, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dodoma na wenzao wa Bristol walishirikiana na Taasisi ya Elimu Tanzania kuandika sura za vitabu vya kidato cha kwanza zenye msaada wa lugha: sentensi fupi, picha nyingi, na nafasi ya kujadiliana kwa Kiswahili kabla ya kuandika Kiingereza. Mfano nao upo. Kule Ile-Ife, Nigeria, tangu 1970 mradi wa Babs Fafunwa uliwasomesha watoto kwa Kiyoruba miaka yote sita ya msingi, Kiingereza kikiwa somo lenye mwalimu wake maalumu. Walifanya vizuri hata katika Kiingereza chenyewe.

Sera yetu ya lugha ya kufundishia imetembea polepole. Tume ya elimu ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 Kiswahili kipande hadi sekondari, na serikali haikukubali. Mitaala iliyoanza 2024 imeleta Historia ya Tanzania na Maadili kwa Kiswahili, na mimi naihesabu hatua hiyo kuwa kubwa. Mengine, ukiacha masomo ya lugha, bado ni Kiingereza.

Palipo na mtihani ndipo msanifu anapopimwa. Moshi, katika shule ambayo leo ni UWC East Africa, wanafunzi wanasomea diploma ya Baccalaureate ya kimataifa, ambayo hutoa cheti cha lugha mbili kwa anayefaulu fasihi ya lugha mbili, au anayefaulu fasihi ya lugha moja na somo la jamii au sayansi kwa lugha nyingine. Huo ni usanifu wenye uaminifu: lugha ya pili inahesabiwa kwenye karatasi. Bonga haihitaji ada ya shule ya kimataifa ili kuanza. Jedwali la kusahihishia la somo la ziwa linaweza kuwa na safu mbili, Jiografia upande huu na Kiingereza upande ule. Anayeeleza vizuri kwa nini ziwa lilifurika, akakosea wakati wa kitenzi, asipoteze alama ya Jiografia.

Na ningeongeza safu ya tatu, ambayo sijaiona kwenye muhtasari wowote. Ripoti ikishaandikwa kwa Kiingereza, mwanafunzi airudishe kwa wazee aliowahoji, awasimulie kwa lugha yao alichoandika, wamkosoe alipokosea. Marekebisho yao yapewe alama.