Sifa za Mpambanuzi wa Nyoka

Katika kazi ambazo watu wa pwani yetu hawajazipa taadhima zistahiliyo, mojawapo ni ile ya kumtazama nyoka na kumtambua ni yupi. Wengi hutosheka na hukumu moja, kwamba nyoka ni nyoka, na fimbo hushuka kabla jicho halijamaliza kazi yake. Na kwa hukumu hiyo ukukwi, ambaye riziki yake ni vyura na mijusi, hufa miembeni kwa dhambi za koboko wa kijani, asiyefanana naye ila kwa rangi.

Rangi, kwa hakika, ni shahidi asiyeaminika. Mitini, katika pwani yote ya Kenya hadi Msumbiji, hukaa nyoka wa kijani wa namna tatu: ukukwi na nduguze, koboko wa kijani, na yule ambaye Makaburu wa Kusini walimwita boomslang. Wa kwanza hamdhuru mtu. Wawili waliobaki huua. Tena boomslang huzidisha mashaka, kwa kuwa dume lake aghalabu ni la kijani na jike ni la hudhurungi, hata mwenye haraka akadhani ameona jinsi mbili zisizohusiana.

Basi mpambanuzi hodari, kama kadhi asiyekubali ushahidi wa mtu mmoja, huiacha rangi ikingoja barazani akaanza na kichwa. Cha koboko ni kirefu na chembamba, na jicho lake ni dogo; cha boomslang ni kifupi na butu, na jicho ni kubwa mno. Walakini ukukwi naye ana jicho kubwa, kwa hiyo jicho peke yake halitoshi, na yambidi ashuke mwilini. Magamba ya koboko ni laini na yenye kung'aa. Ya boomslang, kila moja lina mfuo ulioinuka katikati, hata mwili wote ukaonekana mkavu, usio na mng'ao. Ya ukukwi ni laini, lakini mwili wake ni mwembamba, na aghalabu madoadoa meusi yametapakaa sehemu ya mbele na kufifia kadiri yanavyoelekea mkiani. Na akiwa na nyoka aliyekufa mezani, atashika kioo cha kukuzia atafute kigamba kimoja kilicho kati ya gamba la pua na gamba lililotangulia jicho: ukukwi anacho, boomslang anacho, koboko hana, wala swila hana. Nakiri kuwa sijui furaha nyingi za elimu zilizo ndogo na timamu kama hiyo.

Kazi hii ina silsila yake. Linnaeus wa Uswidi, katika kitabu chake cha mwaka 1758, aliwatenga nyoka kwa kuhesabu magamba ya tumbo na ya mkia. Na huku kwetu Ionides, aliyekuwa bwana nyama wa Liwale na kufariki mwaka 1968, alijulikana kwa kuwakamata koboko wa kijani wa Newala wangali hai.

Wapendao njia ya mkato wana kanuni zao: mwenye mboni ya wima ana sumu, na mwenye kichwa cha pembetatu ana sumu. Kanuni hizo ni batili. Koboko na swila mboni zao ni duara, na nyoka mla mayai, asiye na sumu wala meno ya kumwumiza mtu, ana mboni ya wima. Tena akitishwa hukibapaza kichwa na kusugua magamba yake mpaka yakatoa sauti ya kukwaruza, akijifanya kifutu. Kifutu mwenyewe angalau ni mkweli, kwa zile alama za pembe zilizopangana mgongoni mwake, ncha zikielekea mkiani. Ingawa akikaribia kujivua gamba hata hizo hufifia.

Wala elimu haimkingi mtu asighafilike na dalili. Mwaka 1957 Karl P. Schmidt, bingwa mkubwa wa elimu hii mjini Chicago, aliletewa nyoka mchanga kutoka bustani ya wanyama ili amtambue. Kichwa na rangi vilisema ni boomslang. Lakini gamba moja la chini, penye mwanzo wa mkia, ambalo kwa jinsi hiyo hugawanyika pande mbili, kwa huyu lilikuwa zima, naye akasita. Nyoka akamwuma kidole gumba. Schmidt akaziandika dalili za mwili wake mwenyewe kwa utulivu wa kustaajabisha, na siku ya pili akafa. Kwa maoni yangu, gamba lile moja lilipewa uzito kupita mashahidi wengine wote.

Tofauti hizi zina maana hata hospitali. Sumu ya koboko hushambulia mishipa ya fahamu, na pumzi yaweza kukatika katika muda wa saa chache. Ya boomslang huzuia damu isigande, na madhara yake huchelewa, hata aliyeumwa akadhani amepona. Dawa ya mmoja haimfai mwingine. Kwa hiyo, msomaji, usimkamate nyoka usiyemjua wala usimshike kichwa hata akiwa amekufa, kwa kuwa kichwa kilichokatwa bado chaweza kuuma. Na mwenzio akiumwa, mkimbize hospitali bila kupoteza wakati kumwinda nyoka. Lakini ukiulizwa ulimwonaje, anza na kichwa, na jicho, na magamba. Rangi itaje mwisho.